Neno Lisilo na Kazi: Insha, Ufupisho na Funzo la Ken Walibora

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayeusoma ukurasa huu wakati wa prepu, chukua insha yoyote ya kidato cha tatu. Futa nusu ya maneno ya aya ya kwanza, kisha uisome tena. Aghalabu utagundua kwamba hakuna kilichopungua. Pengine utagundua kwamba kisa ndipo kimeanza kueleweka.

Jambo hili linataka maelezo, kwa maana wanafunzi wetu si watu wasio na la kusema. Hapa Lugulu, na katika shule nyingi zilizo karibu na barabara itokayo Webuye kuelekea Kitale, wasikilize wakisimulia mechi ya jana wakiwa kwenye foleni ya chakula. Kisa kinakwenda mbio. Aliyekosa bao anatajwa kwa lakabu moja tu na kila mtu anaangua kicheko. Mwanafunzi huyohuyo akipewa kalamu na karatasi, mechi ileile inaumuka kama unga uliotiwa hamira: kwanza jua linachomoza, kisha ndege wanatumbuiza, kisha methali mbili zinasimama mlangoni kama mabawabu, na mpira bado haujapigwa. Ukimuuliza mbona, atakujibu kwa unyofu kwamba anapamba lugha.

Ninavyoona mimi, mapambo hayana hatia. Mwenye hatia ni neno lisilo na kazi, liwe limepambwa au liko uchi. Na fasihi tunayoifundisha, hususan riwaya za marehemu Ken Walibora, ndiyo mahali pazuri zaidi pa kujifunzia tofauti ya mawili hayo, ijapokuwa wengi wetu tumeitumia kufundisha kinyume chake.

Tutazame kwanza chanzo cha maradhi. Kimoja kimo katika maagizo ya mtihani wenyewe, au tuseme katika namna maagizo hayo yanavyosikika. Karatasi ya kwanza ya KCSE, 102/1, humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa 1 na dakika 45, kila moja isipungue maneno 400. Kila insha ina alama 20. Mwanafunzi wa huku kwetu huisikia 400 kama kipimo cha gunia la mahindi la kilo 90: likijaa, lishonwe. Nimesahihisha insha ambazo mwandishi amehesabu maneno kwa penseli pambizoni, mia, mia mbili, mia tatu. Na kutoka mia tatu hadi mia nne halimo tukio jipya hata moja, ila mhusika yuleyule anashangaa, anaduwaa, anapigwa na butwaa na kushikwa na bumbuazi.

Kisha katika karatasi ya pili, 102/2, mtahiniwa huyo hukutana na ufupisho wenye alama 15. Anaambiwa aeleze hoja za aya kadhaa kwa maneno 50 au 60, na akizidisha anapunguziwa alama. Karatasi moja ilimhimiza ajaze, nyingine inamtoza kwa kujaza. Wengi hujitoa katika kitendawili hicho kwa kunakili taarifa tangu mwanzo, neno kwa neno, hadi hesabu itimie, kisha wakakata papo hapo hata kama sentensi haijaona nukta. Huko si kufupisha. Ni kukata kitambaa bila kumpima mtu.

Kwa hakika karatasi hizo mbili hazigombani. Mtahiniwa mwenye mgogoro unaokua, wahusika watatu na matukio matano ataona maneno 400 ni machache, na ataanza kupunguza bila kuambiwa na yeyote. Mwenye tukio moja ndiye anayevuta. Kwa hiyo ukiona insha imejaa maneno matupu, usikimbilie kuikosoa lugha. Rudi kwenye mpangilio, ambako mara nyingi utakuta hapakuwa na mpangilio.

Chanzo cha pili ni sisi walimu. Enzi za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la sita alipewa daftari la misemo na kuambiwa kila aya iwe na misemo kadhaa. Alipofika sekondari tukamwongezea viunganishi: fauka ya hayo, aidha, isitoshe, kwa mintarafu ya hayo, ikumbukwe kwamba. Sina ugomvi na fauka ya hayo. Maana yake ni zaidi ya hayo, na ina kazi pale ambapo kweli kuna ziada. Lakini tazama inavyotumiwa. Mwanafunzi anasema mvua ilinyesha. Fauka ya hayo, akachelewa shuleni. Kuchelewa ni matokeo ya mvua, wala si nyongeza yake. Kiunganishi kimewekwa kama tai shingoni mwa mtu asiye na shati.

Chanzo cha tatu ni Kiingereza. Hutupa sentensi kama hizi: alifanya uamuzi wa kuondoka, alitoa msaada kwa wazee, ningependa kuchukua nafasi hii kutoa shukrani zangu. Kiswahili kina aliamua kuondoka, aliwasaidia wazee, nashukuru. Hapa nionye kidogo. Si kila kitenzi cha maneno mawili ni nakala ya Kiingereza. Kukata shauri, kupiga moyo konde na kufunga safari ni nahau za Kiswahili chenyewe, na mwanafunzi asizifute kwa kuwa tu zina neno la ziada. Ajiulize kama usemi una picha au ladha yake, au ni kitenzi kilichogeuzwa kuwa nomino na kupewa kitenzi kingine cha kukibeba.

Laiti tungefundisha sarufi na insha kama somo moja, kazi hii ingekuwa nyepesi. Kiswahili ni lugha ya viambishi. Kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na hata urejeshi. Mtoto anayezungumza Lubukusu huingia shuleni akiwa analijua jambo hilo kwa ulimi wake, kwani lugha yake nayo ni ya Kibantu na kitenzi chake hufanya vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba akiandika, anakitoa nje kila kilichomo ndani ya kitenzi na kukipanga barazani: mimi nilikuwa niko, wakati ambapo alifika, mtu ambaye aliniita. Zote hizo zina mkato wake: nilikuwa, alipofika, aliyeniita.

Lakini usimwambie mwanafunzi afute kila ambaye. Tukisema mgeni ambaye amefika, ambaye haiondoki kirahisi. Wakati wa -me- haukubali urejeshi katikati, na ukiandika mgeni aliyefika umebadilisha wakati. Vilevile mimi si neno la kufutwa daima. Katika sentensi mimi nilikataa, wenzangu wakaenda, neno hilo ndilo linalobeba utengano wote. Kurudi tena nako, ambako vitabu vya makosa hulaani, ni sahihi kabisa ikiwa mtu alikwisha kurudi mara moja.

Tujaribu mfano. Nimeutunga mwenyewe, ila kila msahihishaji ataitambua sura yake:

Ilikuwa ni siku ya Jumamosi asubuhi mapema ambapo mimi nilikuwa niko nyumbani kwetu pamoja na ndugu yangu mdogo ambaye anaitwa Wafula. Wakati ambapo tulikuwa tukiendelea kula kiamshakinywa, tulisikia sauti ya kelele ambayo ilikuwa inatoka upande wa mtoni. Sisi sote tulitoka nje na tukafanya uamuzi wa kukimbia kwenda kule ambako kelele hizo zilikuwa zinatoka.

Hayo ni maneno 53. Yakipunguzwa:

Jumamosi asubuhi mimi na ndugu yangu mdogo, Wafula, tulikuwa tukila kiamshakinywa tuliposikia kelele mtoni. Tulitoka tukakimbilia huko.

Sasa ni maneno 17. Hapa ndipo walimu wengi humpigia mwanafunzi makofi na kuendelea na zoezi jingine. Ningekuomba usimame kwanza, kwa sababu kazi yenye faida ndiyo inaanza. Uliza darasa ni nini kimepotea. Mmoja atasema mapema, na ni kweli, asubuhi na asubuhi mapema si wakati mmoja. Je, kisa kinauhitaji? Mwingine atasema nyumbani. Kula kiamshakinywa na ndugu mdogo Jumamosi kunatosha kutuweka nyumbani, lakini ikiwa baadaye mlango utakutwa wazi na mbuzi hayupo, basi nyumbani lirudi. Mwanafunzi makini atagundua kosa kubwa zaidi. Tulisikia kelele mtoni ni kauli ya mtu anayejua kelele zilikuwa wapi. Wahusika wetu, wakiwa mezani, walijua upande tu. Kwa kukata maneno mawili tumewapa ujuzi wasiokuwa nao, na taharuki imekufa. Kwa hiyo tunarudisha: tuliposikia kelele kutoka upande wa mto. Maneno yamefika 20, na haya matatu yaliyorudi ndiyo yanayotufunza mengi kuliko 36 yaliyoondoka.

Ukiniuliza, zoezi la kupunguza bila zoezi la kurudisha ni nusu ya somo. Anayekata tu ni kama anayepalilia shamba gizani, akang'oa magugu pamoja na mahindi.

Sasa tuingie katika fasihi. Mwanafunzi aliyeambiwa apunguze maneno ana pingamizi moja la haki, nalo ni hili: mbona Ken Walibora hakupunguza?

Walibora alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, kwa hiyo kwetu ni mwana wa nyumbani. Riwaya yake ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996 na ikawa kitabu teule cha shule za upili. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga na kusafiri hadi Kitale akimtafuta babake. Lugha ya riwaya hiyo ina tashbihi, methali na msamiati wa kuchaguliwa, na ndiyo iliyowafanya vijana wengi wa Kenya wakipende Kiswahili. Pia ndiyo iliyojaza madaftari ya misemo niliyoyataja. Kizazi kizima kilisoma Siku Njema kwa kalamu nyekundu mkononi, kikipigia mstari vifungu vya kukariri.

Tatizo la usomaji huo ni kwamba ulimwacha Kongowea nje. Riwaya hii imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Anayesema si Walibora, ni kijana mwenye jina la Mswahili, mwana wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mtoto aliyelelewa penye nyimbo za mafumbo hawezi kuzungumza kama karani wa ofisi ya ardhi. Lugha yake ni urithi wa mamake. Ni mali pekee anayosafiri nayo, na kadiri anavyosonga kutoka pwani kuelekea bara, ndiyo inayomtambulisha miongoni mwa watu wasiozungumza kama yeye. Punguza mapambo hayo na utakuwa umempunguza mtu mwenyewe. Kwa kipimo chetu, basi, maneno ya Kongowea yana kazi: yanachora mhusika.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeandika barua kwa mhariri kuhusu uchafuzi wa Mto Nzoia hana sababu hiyo. Akimwazima Kongowea sauti yake, msomaji anamsikia kijana wa Tanga akilalamika kuhusu maji ya Webuye. Pambo ni lilelile. Kinachokosekana ni mwenye kulivaa.

Inanifurahisha kwamba Walibora mwenyewe alilifikia jambo hili kwa njia nyingine katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya iliyotoka mwaka 2012 na kutahiniwa katika KCSE pia. Humo yumo Mwalimu Majisifu, mtu mwenye sifa ya uandishi, na sifa hiyo imesimama juu ya mswada alioiba kwa Amani. Tumezoea kumfundisha Majisifu chini ya maudhui ya ufisadi, au ya elimu, kisha tukapita. Mimi ningependa tumfundishe pia kama onyo kwa mwandishi wa insha. Maneno mazuri yaliyotoka kwa mtu mwingine hayamfanyi Majisifu kuwa mwandishi, na mtahiniwa aliyekariri aya nzima ya kitabu ili aifungulie insha yake amekaa kiti kimoja na mwalimu huyo, ingawa hajui.

Tena riwaya hiyo ina funzo zuri la ufupi ambalo hatulitumii ipasavyo: majazi. Mwandishi mwingine angehitaji ukurasa kutuambia kwamba mtawala huyu anajiona mtukufu kwa damu na ukoo. Walibora anamwita Mtemi Nasaba Bora, na kazi imekwisha. Majisifu, Amani na Imani ni vivyo hivyo. Kila jina linapotajwa, sifa inarudiwa bila sentensi kuongezwa. Tunapowaambia watahiniwa kwamba majazi ni majina yanayolandana na tabia za wahusika, tumetoa fasili lakini tumeficha faida. Faida ni kwamba mwandishi amelipa mara moja na anaendelea kula hadi mwisho wa kitabu.

Anayetaka kuona njia iliyo mbali na ya Siku Njema na amsome Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Katika Rosa Mistika (1971) sentensi ni fupi, na msiba unatajwa kwa sauti ya kawaida, bila kilio cha msimulizi. Wapo wanaosema ni ukavu. Mimi naona ni imani kwa msomaji. Hata hivyo sitaki tufike mahali pa kusema kwamba Kezilahabi ni bora kwa kuwa ni mfupi. Wote wawili wamejua neno gani libaki, kila mmoja kwa msimulizi wake.

Kuna pingamizi la pili, zito kuliko la kwanza, nalo latoka katika fasihi simulizi. Tunawaambia wanafunzi waondoe marudio, kisha tunaingia darasani na kuwafundisha kwamba takriri ni fani ya kusifiwa. Wataacha lipi?

Jibu tunalo hapa nyumbani. Mzee wa heshima wa Kibukusu akifa na kuzikwa, hufanywa hafla ya kuswala kumuse. Mnenaji, ambaye si kila mtu anaruhusiwa kuwa yeye, huenda na kurudi mbele ya umati akisimulia historia ya ukoo, akionya na kuwafariji waliofiwa. Wanenaji hodari kama marehemu Manguliechi walisifika Bungoma nzima na nje yake. Sasa, mtahini wa ufupisho akipewa maneno ya kumuse aya kwa aya, atafuta mengi mno. Na atakuwa amekosea, maana hadhira ya kumuse haina ukurasa wa kurudia. Imekaa nje, wengine mbali, wengine wanafika hafla ikiendelea, mtoto analia, upepo unavuma. Jambo likisemwa mara moja tu, nusu ya watu hawatalipata. Isitoshe, anayefarijiwa hatafuti habari mpya. Anahitaji kuambiwa tena kile anachokijua. Marudio hapo yana kazi mbili, ya sikio na ya moyo.

Msomaji wa insha amekaa na karatasi mkononi na anaweza kurudi nyuma kwa jicho. Kazi ya sikio haipo. Ikiwa hata ya moyo haipo, marudio yamebaki bila ajira. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini tunamsifia takriri katika shairi na kumkosoa katika ripoti, na hatatuona tena kama watu wenye ndimi mbili.

Kuhusu ushairi nitasema machache. Katika karatasi ya tatu, 102/3, huulizwa mara kwa mara jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake, na watahiniwa hutaja inkisari, mazda na kuboronga sarufi kama wanaosoma orodha ya dukani. Wachache hueleza inkisari inafanya nini. Nimuombe mwalimu aandike ubaoni: ndugu yangu aliyenipa. Ni mizani tisa. Kipande kinataka nane. Mshairi wa arudhi hawezi kumfuta ndugu wala zawadi, kwa hiyo analipunguza neno lenyewe: ndugu yangu alonipa. Zimekuwa nane na maana haijaguswa. Hapo mwanafunzi ameona kwamba ufupi ni suala la silabi pia, na kwamba kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi zinamlazimisha mtunzi kupima kila sauti.

Lakini mizani hulazimisha na kinyume chake. Mtunzi aliyebakiwa na nafasi ya silabi mbili hutia hakika, ama, kweli, jamani, ili kipande kitimie. Wanafunzi wanapojaribu kutunga tarbia, nusu ya udhaifu wao unatoka hapo. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuzua ubishi kuhusu mashairi huru, waliomkosoa walidhani ameikimbia kazi ngumu. Fikiria upya. Mshairi huru hana mizani ya kusingizia. Neno likiwa la bure katika mstari wake, kila mtu ataliona.

Sasa turudi kwenye meza ya mtahiniwa, maana najua ndicho kilichokufanya ufungue jarida hili. Karatasi ya tatu ina saa 2 na dakika 30 na alama 80. Alama hutolewa kwa hoja, wala mtahini halipii utangulizi. Chukua swali lililokuwa la kawaida Kidagaa Kimemwozea ilipokuwa ikitahiniwa: eleza jinsi mwandishi wa riwaya hiyo alivyotumia majazi. Majibu mengi yalianza hivi:

Mwandishi ametumia majazi kwa njia ya kipekee na ya kuvutia sana katika kazi yake hii ya fasihi ili kuweza kupitisha ujumbe wake kwa hadhira yake.

Maneno 25, na hakuna jina la mhusika hata mmoja. Sentensi hii inaweza kuhamishwa hadi riwaya yoyote ya ulimwengu, na ukiondoa neno majazi na kuweka taswira, inahamia kwenye swali jingine pia. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote ninavyokijua cha kumpa mwanafunzi: sentensi yako ikifaa kila kitabu, haijaandikwa kuhusu hiki. Linganisha na hii:

Majisifu anajisifu kwa mswada aliomwibia Amani.

Maneno 6. Jina limeelezwa, tabia imetajwa na ithibati ya kitabu imetolewa. Mtahini ana mahali pa kutia alama, na mtahiniwa ana muda wa kwenda kwa Mtemi Nasaba Bora.

Ukipata dakika kumi za mwisho wa kipindi, usiliache neno aliomwibia lipite hivihivi. Liandike ubaoni na ulivunje pamoja na darasa. A- ni Majisifu. -li- ni wakati uliopita. -o- ni mswada. -mw- ni Amani. -ib- ni wizi wenyewe. -i- ni kauli ya kutendea, inayotujulisha nani aliumizwa na wizi huo. Kisha waambie waandike jambo lilo hilo bila viambishi hivyo, kila kimoja kikitolewa nje na kuwa neno kamili, wahesabu wamefikisha maneno mangapi.